Posa ya Gorgonzola

Leonard alikusudia kuiua posa ya binti yake kwa jibini. Simsingizii, alimwambia mkewe hivyo hivyo, siku ya Jumatano, huku akijipigia pasi suruali.

“Wanakuja Jumamosi saa nane mchana, si ndiyo? Waje. Tutawakaribisha, tutawaandalia. Mgeni akikataa chakula chako mbele ya macho yako, mtoto wako unampa wa nini?”

“Na kwa nini wakatae?” Honorata akauliza.

“Hujanusa nilichonunua.”

Honorata alikuwa amenusa. Ghorofa nzima ya saba ya jengo lile la Silver Spring, nje kidogo ya Washington, ilikuwa imenusa, na mama mmoja wa Kihabeshi wa mlango wa pili alishapiga hodi kuuliza kama kuna panya amefia kwenye mabomba. Hakuna panya. Ilikuwa ni taleggio, jibini ya kaskazini mwa Italia, imekaa kwenye sahani juu ya friji ikisubiri wakwe.

Sasa ngoja nikueleze jinsi mtu wa Mbinga, aliyekuzwa kwa ugali na maharage, alivyofikia hapo. Leonard alikuwa anafanya kazi katika shirika moja la kimataifa mjini Washington. Ukimuuliza anafanya nini huko, anakujibu, “Masuala ya mikutano.” Na ni kweli, alikuwa anapanga viti vya mikutano na kukagua vipaza sauti. Mikutano ikiisha zilibaki sahani za jibini ambazo wakubwa hawakuzimaliza, na Leonard akaanza kuonja, mwanzo kwa njaa, baadaye kwa heshima. Mwaka huo wa tisini na nane, baada ya Pasaka, akajiandikisha darasa la Jumamosi katika chuo cha pale Annandale, ng'ambo ya mto: kuonja na kupika kwa jibini za Kitaliano, wiki kumi na mbili, cheti mwishoni. Cheti akakitundika sebuleni, juu kidogo ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, mpaka Honorata alipokishusha kwa nguvu.

Tangu hapo kwake hakukukalika. Unakwenda kunywa chai, unapewa kipande cha kitu kigumu kama sabuni, halafu unaulizwa unasikia nini kwenye ulimi. Ukisema unasikia chumvi, Leonard anatikisa kichwa kwa huruma. Yeye alikuwa anasikia karanga, nyasi mbichi na ngozi ya kitabu cha zamani. Watanzania wenzake wakaanza kumwita Leonard Chizi, na yeye, kwa kuwa masikio yake yalishahamia Italia, akadhani wanamsifu. Aliyempa jina hilo ni Gwakisa, rafiki yake wa miaka mingi, ambaye ndiye pia aliyeombwa kuwa msemaji wa familia siku ya posa.

Haya, binti. Irene, miaka ishirini na minne, nesi, mtoto pekee wa nyumba ile. Alikuja Marekani ana miaka minne, Kiswahili anakielewa chote na anakijibu kwa Kiingereza. Leonard haendeshi gari kwenye Beltway, ile barabara kuu inayouzunguka mji wa Washington. Alijaribu mara moja, akashika njia siyo, akajikuta Baltimore, na tangu siku hiyo akaapa kwamba barabara ile haikujengwa kwa ajili ya watu wenye akili timamu. Kwa hiyo Irene ndiye aliyempeleka Annandale kila Jumamosi na kumsubiri. Na binti wa watu utamsubirisha saa tatu nzima, kila Jumamosi, akiangalia ukuta? Alikaa maktaba. Na meza ya pili pale maktaba alikaa Cheruiyot, kijana wa Kikenya kutoka Bomet, anayelea wazee kwa zamu huku akimalizia unesi wake. Wakati baba mtu ananusa gorgonzola darasani, mwenzangu, mambo yalikuwa yanaiva kwingine.

Yaani Leonard alijichimbia shimo mwenyewe, na alilijua hilo, na lilimuuma. Lakini lililomuuma kuliko yote lilikuwa Minnesota. Cheruiyot alikuwa amepata kazi huko, aanze Januari, na Irene akiolewa anakwenda naye. Leonard alishaitazama ramani mara nyingi. Ile sehemu imekaa juu kabisa, karibu na barafu, na mtoto akienda huko atarudi Krismasi moja katika tatu. Alikuwa anaogopa, ila hakumwambia mtu kwamba anaogopa. Watu aliwaambia kwamba kijana hana ladha.

Jumamosi ikafika, na jikoni kukawa na vita. Honorata alitaka kupika pilau na kuku, kama binadamu wengine. Leonard akakataa katakata. Alikuwa amejifunga aproni, anakoroga sufuria la polenta.

“Baba Irene, huo si ugali?”

“Hii ni polenta.”

“Unga wa mahindi?”

“Unga wa mahindi.”

“Na maji yanayochemka, na mwiko.”

“Honorata, kuna mambo hayaeleweki kwa kutazama tu.”

Mwishoni alitumbukiza donge zima la gorgonzola katikati ya ule ugali wenye jina, likaanza kuyeyuka, na harufu ikapanda mpaka kwenye mapazia. Irene akaja akasimama mlangoni. Akatazama sufuria, akamtazama baba yake, akaelewa.

“Dad, please. You're doing this on purpose.”

“Ninafanya nini? Ninakirimu wageni.”

Irene akabaki amesimama pale, macho yamemjaa maji, na Leonard akajifanya anatafuta chumvi.

Wageni walifika saa nane na nusu, watu watatu kutoka Langley Park. Mbele alikuwa mzee Solomon, mjomba wa kijana, dereva wa basi la shule, mrefu wa kuinama kila anapopita mlango hata usiomgusa. Nyuma yake Bilha, shangazi, mama mnene mchangamfu anayehudumia wazee majumbani kwao, kabeba chupa yake ya chai kwapani kwa sababu hakuwaamini Watanzania linapokuja suala la chai ya maziwa. Wa mwisho Cheruiyot mwenyewe, ndani ya suti ya kuazima. Irene alikuwa amemfundisha salamu, naye akaigawa bila ubaguzi.

“Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Shikamoo mzee.” Alipofika kwa Irene woga ukamzidi. “Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu,” Irene akamjibu, na Gwakisa akacheka mpaka akapaliwa.

Kwa utaratibu, siku kama ile baba mwenye mtoto hasemi. Anakaa, ananuna kidogo kwa heshima, na msemaji wake ndiye anayezungumza. Gwakisa alikuwa amejiandaa wiki nzima, ana hotuba, ana mafumbo, ana hata kikohozi cha kuanzia. Hakupata nafasi. Leonard aliinuka na ubao wake wa jibini, akasimama katikati ya sebule, akaanza somo.

Solomon alipewa kipande cheupe, laini, kinachotoa maji. Akakigeuzageuza.

“Hii ni nini, mzee?”

“Mozzarella. Maziwa ya nyati.”

“Nyati?” Solomon akamwangalia Bilha. “Nyati anakamuliwa?”

“Nyati wa Italia. Wa kufugwa.”

“Kwetu ukimkaribia unazikwa,” Solomon akasema kwa heshima kubwa, akakitia mdomoni. Akatafuna polepole. “Lakini ni maziwa.”

“Ni maziwa!” Leonard akadakia. Hakuna kilichomfurahisha kama mwanafunzi. “Jibini yote ni maziwa, mzee wangu. Watu wa kawaida wanadhani ni kitu cha kupaka kwenye mkate. Hapana. Jibini ni maziwa yaliyokwenda shule.”

Gwakisa akaacha kutafuna. Yeye ni Mnyakyusa wa Tukuyu, amezaliwa katikati ya ng'ombe. Akamtazama Solomon, akamtazama Leonard, akafungua mdomo aseme kitu. Halafu akaufunga, akanyoosha mkono, akachukua kipande kingine.

Ikaja pecorino. Maziwa ya kondoo, Leonard akatangaza, yamekaa mwaka. Solomon akamtafsiria Bilha kwa Kikipsigis, lugha yao, ingawa Bilha alikuwa amesikia vizuri kabisa, na wote wawili wakaguna. Ikaja parmigiano, maziwa ya ng'ombe, miaka miwili. Wakaguna tena, kwa sauti nzito zaidi. Leonard alianza kuwa na wasiwasi. Waliguna vibaya, waliguna kama watu wanaopewa zawadi.

Basi akaileta taleggio. Honorata akaenda kufungua dirisha. Gwakisa akasogeza kiti nyuma. Leonard akamwekea Bilha kipande kikubwa, chenye ganda la rangi ya chungwa na unyevunyevu juu, akasubiri amwone mama wa watu akiziba pua.

Bilha akanusa. “Eeeh!” akasema. Akanusa mara ya pili. “Solomon, nusa. Hii si ni kibuyu ya maziwa ya nyanya?” Nyanya, kwao, ni bibi.

“Ni kibuyu ya nyanya,” Solomon akakiri.

Bilha akafumba macho, akala, akanyoosha sahani aongezwe. Leonard akamwongezea. Alimgeukia kijana. Cheruiyot alikuwa anakula kila anachopewa, kimyakimya, machozi yamemlenga, koo likipanda na kushuka, na kila akimeza anasema, “Asante, mzee.” Na huyu naye hakuwa amekataa kitu.

Ikabaki silaha ya mwisho. Leonard akaileta polenta kwenye sinia, inafuka mvuke, gorgonzola imetapakaa juu yake, na akaongeza vipande vibichi pembeni ili michirizi yake ya bluu ionekane vizuri. Solomon alikuwa ameshika kijiko. Alipoona ile bluu, akakiweka chini.

Loo, moyo wa Leonard uliruka! Aliona kabisa Minnesota ikifutika kwenye ramani.

“Imekushinda?” akauliza kwa upole wa uongo. “Usijilazimishe, mzee wangu. Huwashinda wengi. Nitaelewa.”

Solomon akasogeza kiti. Aliinamia sinia. “Mzee,” akasema kwa sauti ya chini, “hii mmeweka makaa?”

“Makaa? Hapana. Huo ni ukungu. Ukungu mzuri.”

“Kwetu maziwa inalala kwa kibuyu imepakwa makaa. Inatoka na rangi kama hii. Na hii imelala siku ngapi?”

“Siku!” Leonard akasahau hila zake zote, mtu kamuuliza swali la darasani. “Miezi, mzee. Miezi minne.”

“Miezi minne,” Solomon akarudia. “Na hapa chini ni nini?”

“Polenta.”

“Ni ugali, baba,” Honorata akasema kutoka dirishani. “Unga wa mahindi. Ugali.”

Solomon akachukua kijiko, akala. Akala tena. Bilha akala. Cheruiyot akala, akashika ukingo wa kiti. Sebuleni ikasikika midomo tu. Kisha Solomon akafuta ndevu zake, akasimama wima.

“Watu wa nyumba hii,” akasema, “sisi tulikuja na woga. Bilha alisema Watanzania watatuzungusha na maneno tamu mwaka mzima. Sasa niwaambie. Kwa ukoo yetu, ukienda kuuliza msichana na wenyewe hawataki, wanakupea maji. Unakunywa, unaenda, hakuna kelele. Wakitaka kufikiria kwanza, wanakupea chai. Lakini wakikubali, hawasemi kitu. Wanaleta maziwa imelala, wanaleta na ugali, na ukishakula hiyo hakuna mtu anarudi nyuma. Mimi nimeenda posa saba. Maziwa ya siku tano nimepewa. Ya wiki mbili nimepewa, nikaringa nayo mpaka leo.” Akainua kijiko juu. “Huyu mzee ametupea ya miezi minne! Ametupea ya miaka mbili! Ya ng'ombe, ya kondoo, na ya nyati! Mimi sijawahi kuheshimiwa hivi.”

Bilha akapiga vigelegele vilivyomtoa yule mama wa Kihabeshi mlangoni kwake.

“Hapana! Ngojeni!” Leonard alisimama na mwiko mkononi. “Hamjanielewa. Haya si maziwa! Hii ni jibini!”

“Si umesema ni maziwa?” Bilha akashangaa. “Kila sahani umesema. Maziwa imeenda shule.”

Leonard akamgeukia msemaji wake. “Gwakisa! Sema kitu!”

Gwakisa akajifuta mdomo taratibu. “Nilikuwa nasubiri unipe nafasi tangu saa nane na nusu,” akasema. “Sasa umeshamaliza, mimi niongeze nini?”

“Ulijua!”

“Nilijua ulipotaja nyati. Kwa watu wa ng'ombe, maziwa kwenye posa si maziwa tu. Lakini baba mwenye mtoto akiamua kusema mwenyewe, mimi ni nani nimkatize?”

Irene alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na haikujulikana anacheka au analia. Honorata alimtazama mumewe. Solomon naye hakuwa mjinga. Ile sura aliiona. Furaha ikamshuka usoni.

“Mzee,” akasema, “mimi si mwizi. Kama nimeelewa vibaya, useme na mdomo yako. Ni mtoto yako. Sema tu hapana, na sisi tutachukua chupa yetu ya chai tuondoke, na hatutakuwa maadui.”

Basi hapo ndipo Leonard alipokuwa anapataka. Neno moja tu. Watu wote walimwangalia. Akamgeukia Cheruiyot.

“Kijana, niambie ukweli. Kati ya hizi zote, ipi umeipenda?”

Cheruiyot akamtupia jicho Irene. Irene hakumsaidia.

“Hakuna, mzee,” akasema.

“Hata moja?”

“Hata moja. Zile za kwanza nilivumilia. Hiyo ya dirisha kufunguliwa, nilikuwa karibu kuaga dunia. Sisi wengine tumekulia shule ya bweni, hatukuzoea kibuyu kama hawa wazee.”

“Sasa mbona ulikula?”

“Irene aliniambia unatafuta sababu. Nikasema sababu sitakupa. Ningekula hata ubao.”

Bilha akasema “Uuuwi!” kwa sauti ya chini. Kijana alikuwa ameitoa sababu mwenyewe, kaiweka mezani, na Leonard alikuwa na hotuba nzima tayari, kuhusu ladha, kuhusu malezi, kuhusu watu wasiojua vitu vizuri. Alifungua mdomo aitoe. Kilichotoka kilikuwa kingine.

“Hata mimi siipendi gorgonzola.”

Honorata akageuka kutoka dirishani. “Unasema?”

“Siipendi. Sijawahi kuipenda. Parmigiano naiweza. Zingine zote huwa nafumba macho, nameza.”

“Leonard! Umeninukishia nyumba tangu Pasaka!”

“Najua.”

“Na karanga ulizokuwa unazisikia? Na ngozi ya kitabu?”

“Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi za darasani,” Leonard akasema, akakaa chini kwa uzito. Aliutazama mwiko. “Siku ya kwanza tu nilitaka kuacha. Lakini Irene ndiye aliyekuwa ananipeleka. Dakika arobaini kwenda, dakika arobaini kurudi. Hakuna televisheni, hakuna simu ya kazini. Ananisimulia wagonjwa wake. Tukifika karibu na daraja anaimba na redio, halafu ananiuliza kama nimechoka kumsikia. Nichoke! Nilikuwa naomba foleni.” Akaugeuza mwiko. “Darasa likaisha. Nikajaribu kutafuta lingine, la mvinyo, likawa limejaa. Sikuwa na mahali pengine pa kumwambia anipeleke.”

Hakuna aliyecheka, hata Gwakisa. Solomon alikuwa bado amesimama, anasubiri jibu lake, na Leonard alijua kwamba mtu mzima hasubirishwi hivyo.

“Kaa, mzee wangu,” akamwambia. “Mmeshakula. Ni maziwa. Nimesema mwenyewe.”

Bilha hakupiga vigelegele safari hii. Alifungua chupa yake, akammiminia Leonard chai kwanza, kabla ya watu wote, akaitia sukari bila kuuliza. Irene akaja akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akamtoa ule mwiko mkononi, akaushika yeye.

“Dad,” akasema, machozi yanamtiririka, “why didn't you just ask me?”

Leonard akawatazama wale watu watatu.

“Hawa wamevaa suti,” akasema, “wametafuta msemaji, wametoka Langley Park mpaka hapa kuja kukuomba. Mimi nalala chumba cha pili tu, na sikujua naanzaje.”